Mwanza mpaka Guangzhou: tovuti inasema masaa 11, mimi nimetumia 39. Njooni tuelewane

Taa ya Dagaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linajirudia kwenye magrupu ya wafanyabiashara hapa Mwanza, nimeona bora nilifungulie uzi kuliko kumjibu mmoja mmoja. Mtu akipanga safari yake ya kwanza ya China, anakimbilia zile tovuti za umbali wa ndege. Anaandika MWZ huku, CAN kule, anabonyeza. Jibu linakuja hapo hapo: kilomita 9,100 na ushee, muda angani masaa 11 na robo. Anapiga picha ya kioo cha simu, anaitupia kwenye grupu: "Kumbe karibu hivi! Mbona basi la Dar linakula zaidi ya hapo?"

(Kabla hamjaanza: CAN siyo Kanada. Ni Guangzhou. Herufi zimetoka kwenye jina lake la zamani, Canton. MWZ ndiyo sisi.)

Mimi nauza vifaa vya uvuvi pale Mwaloni, Kirumba. Nyavu, kamba, maboya, na miaka ya karibuni taa za sola za kuvulia dagaa, maana karabai za mafuta ya taa zinazidi kupotea ziwani. Taa nazifuata Guangzhou mwenyewe, baada ya kuletewa mara mbili taa zinazozima saa sita za usiku wakati dagaa ndiyo kwanza wanakusanyika. Kwa hiyo hii njia naijua kwa makalio yangu.

Nianze na hizo kilomita, kwa sababu hizo ni za kweli. Tovuti inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, inapima njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Kama una globu nyumbani, chukua uzi (wa cherehani, siyo huu), bana ncha moja pale kusini ya ziwa letu, ncha nyingine Guangzhou, kisha vuta mpaka ukaze. Utaona unakatiza Kenya, unapita jirani na Mogadishu, unavuka Bahari ya Arabia, unaikata India ya kusini, Ghuba ya Bengali, Myanmar, halafu unaingia China. Urefu wa huo uzi ndiyo kilomita 9,100 na kitu. Baada ya hapo tovuti inagawanya kwa mwendo wa ndege, tuseme kilomita 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kazi imekwisha.

Shida ni kwamba hakuna ndege inayopita kwenye huo uzi. Ukitoka Mwanza unakwenda kwanza Dar, kilomita 850 kuelekea kusini-mashariki, yaani unaanza safari ya China kwa kuipa kisogo. Safari yangu ya mwisho nilipitia Doha. Dar–Doha ni kama kilomita 3,800, Doha–Guangzhou kama 6,200. Jumla inakaribia 10,900. Nimezidisha kilomita 1,700 hivi kuliko ule uzi. Kwa ndege hayo ni masaa mawili tu. Sasa mbona nilitumia 39?

Nawapa ratiba yangu kama ilivyokuwa. Jumanne saa saba mchana nikafunga geti la nyumbani. Saa kumi jioni ndege ya Dar ikapaa, saa kumi na moja na dakika 25 tuko chini Dar. Hapo nikakaa mpaka saa tisa na dakika kumi usiku. Nikatua Doha saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Jumatano hiyo. Nikakaa tena mpaka saa mbili usiku. Guangzhou nikaingia Alhamisi saa tatu asubuhi kwa saa ya kwao, na hapa Mwanza ilikuwa saa kumi alfajiri, wavuvi ndiyo wanarudi.

Hesabuni wenyewe. Angani nilikaa masaa 15 na dakika kumi. Masaa karibu 24 yaliyobaki nilikuwa chini: kwenye kiti cha chuma, kwenye sakafu, kwenye foleni ya kuvua mkanda na viatu.

Mnaokwenda Sengerema mtanielewa upesi. Kigongo mpaka Busisi ni kilomita 3. Enzi za kivuko ungeweza kumaliza nusu ya siku kwenye hizo kilomita 3, gari limezimwa, unakula mahindi ya kuchoma. Daraja limefunguliwa Juni 2025, sasa unapita hata wimbo mmoja wa redioni haujaisha. Maji ni yale yale na kilomita ni zile zile. Tovuti ya umbali inapima maji. Foleni ya kivuko haiioni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi huu.

Safari yangu ya kwanza tiketi iliandikwa Alhamisi 03:10. Nikajua ni saa tisa na dakika kumi usiku, hapo sikukosea. Nikashuka Dar Jumatano mchana, nikafikia kwa mjomba Mbagala, nikalala vizuri. Alhamisi nikashinda Kariakoo, jioni nikaoga, tukala, saa nne usiku niko uwanjani na begi langu na mfuko wa dagaa wa kukaanga wa kumpelekea mpwa wangu anayesoma kule.

Dada wa kaunta akachukua pasi yangu, akaandika, akaacha, akaandika tena. Kisha akageuza ile karatasi ya tiketi ikanielekea mimi, akachukua kalamu ya bluu akazungushia duara tarehe, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Kaka, hii ilikuwa usiku wa kuamkia leo."

Nikamwambia si ndiyo leo Alhamisi? Akasema ndiyo, Alhamisi ilianza saa sita usiku, wewe ulikuwa umelala.

Kwa sisi, Alhamisi usiku ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Alhamisi. Hata mtoto anajua hivyo. Mashine ya tiketi yenyewe inabadilisha siku saa sita usiku. Nilichopaswa kusoma pale ni "usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi". Maneno hayo tunayatumia kila siku kwenye misiba na harusi, ila kwenye tiketi hayakunijia kichwani. Kubadilishiwa ndege kulinigharimu laki tisa na kitu. Niliporudi Mbagala usiku ule mjomba hakunilaumu. Alitazama mfuko akasema, basi dagaa tule sisi.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongeze.

---

Mzee wa Makoroboi

Nimeisoma yote. Lakini mkuu, kuna ndege ya moja kwa moja Dar–Guangzhou ya shirika letu, Air Tanzania, ile Dreamliner. Kwa nini uzunguke Uarabuni?

---

Taa ya Dagaa

Kweli mzee wangu, na ukiipata ipande. Dar–Guangzhou ni kilomita 8,700 hivi, masaa kumi na kidogo, unalala unaamka umefika. Ila hairuki kila siku, na tarehe zangu zilikuwa za maonyesho ya Canton, yale ya mwezi wa 4 na wa 10. Wiki hizo nafasi zinakwisha mapema. Mwenye kuchelewa ndiyo anazungushwa.

---

Bint Mabatini

Wewe ulikosea siku, kwetu ilikuwa saa. Nilikuwa narudi kutoka chuo, nikamtumia mama ujumbe: "Natua Mwanza 07:40." Mama kasoma saa saba na dakika arobaini. Mchana kweupe, kapika kwanza, kapita sokoni.

Mimi nimetua saa moja na dakika arobaini asubuhi. Simu haina chaji, hela ya bajaji sina kwa sababu nilijua napokelewa. Nimekaa juu ya begi masaa sita kamili nikitazama ndege za watu. Alipofika akaniuliza, "Mbona umetoka mapema hivyo?"

Mpaka leo nikimtumia mama muda naandika kwa maneno: saa moja kasoro asubuhi. Tarakimu sitaki kuziona.

---

Mwalimu wa Kwimba

Ni masaa sita kamili kwa sababu saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, ya kwao inaanza katikati ya usiku. Kwa hiyo ukiona tarakimu kwenye tiketi, toa sita. 07:40 toa sita ni saa moja na dakika arobaini. 14:00 toa sita ni saa nane. Ikiwa namba ni ndogo kuliko sita, ongeza sita badala ya kutoa: 03:10 inakuwa tisa na dakika kumi. Na ikizidi 18, toa 18: 20:00 ni saa mbili usiku. Wanafunzi wangu nawaambia waandike hilo nyuma ya daftari.

Nina swali kwa mwanzisha uzi. Umesema kwenu kulikuwa saa kumi alfajiri na Guangzhou saa tatu asubuhi. Tofauti ni masaa matano. Lakini kwa jua lenyewe ni zaidi. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Mwanza iko karibu nyuzi 33 mashariki, Guangzhou nyuzi 113. Nyuzi 80 ni masaa matano na dakika 20. Hizo dakika 20 zimekwenda wapi?

(Jibu ninalo, naangalia nani amesoma jografia.)

---

Mjukuu wa Ukerewe

Mwalimu umenikumbusha fimbo. Ngoja nijaribu: saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45, ambazo ziko huko Somalia. Sisi wa ziwani tunatumia saa ya watu walio mashariki yetu sana. Ndiyo maana Mwezi wa Ramadhani Dar wanafuturu, sisi bado tunaangalia jua likiwa juu ya maji kwa dakika 25 nzima. China nao wameweka saa moja kwa nchi yote kubwa ile, wakaipima upande wa Beijing. Zile dakika 20 zimeliwa kwenye kuzungusha namba huku na huku.

---

Mwalimu wa Kwimba

Vizuri. Kaa chini.

---

Kigongo Hadi Busisi

Samahani nirudishe mada nyuma. Mimi ni mmoja wa waliodhani CAN ni Kanada 😂 na kweli ndugu yangu yuko Toronto. Nilipima kwenye ramani ya ukutani ya shuleni kwa rula, nikapata Mwanza–Toronto zaidi ya kilomita 13,500. Tovuti inasema karibu 12,000. Nani muongo?

---

Mwalimu wa Kwimba

Rula. Ramani ya ukutani ni dunia iliyokunjuliwa kama ganda la chungwa lililolazimishwa kulala bapa. Huku kwetu karibu na ikweta halijavutwa sana, ndiyo maana Mwanza–Dar unaweza kuipima kwa hesabu ya darasa la saba ukapata jibu zuri: nyuzi 4.4 kwenda kusini, nyuzi 6.3 kwenda mashariki, kila nyuzi kilomita 111, kanuni ya Pithagorasi, inakuja 850. Hata Guangzhou ukikosea kwa njia hiyo unakosea kilomita mia mbili na kitu tu.

Toronto iko nyuzi 44 kaskazini. Kule mistari ya longitudo imesogeleana, nyuzi moja ya kwenda magharibi haifiki tena kilomita 111, ni kama 80. Rula haijui hilo. Ule uzi wa cherehani unajua, unapanda kaskazini-magharibi, unaikata Sahara, unavuka Atlantiki.

---

Kigongo Hadi Busisi

Nimekuelewa mwalimu. Ndugu yangu kumbe yuko karibu kwa kilomita 1,500 kuliko nilivyofikiri, na bado hatumi hela.

---

Nyangumi wa Nchi Kavu

Na kituo cha mbali kabisa na Mwanza ni wapi? Nataka kwenda huko mtu asinidai.

---

Mwalimu wa Kwimba

Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna sehemu inayoweza kuwa mbali nawe kuzidi 20,000. Ukitoboa ardhi pale Jiwe la Bismarck ukatokea upande wa pili, utatokea katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini-mashariki ya Hawaii. Hakuna uwanja wa ndege, ni maji matupu. Wanaokudai hawatakuona.

Kwa kulinganisha, safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua, Singapore–New York, ni kilomita zaidi ya 15,300, masaa 18 na zaidi.

---

Mshika Lugha

Uzi mzuri, ila wakuu hakuna neno "masaa". Wingi wa saa ni saa. Saa 39, saa 11. Tuitunze lugha.

---

Taa ya Dagaa

Ndugu yangu nakuheshimu na darasani nitakubali. Lakini nikikuandikia "kutoka Doha mpaka Guangzhou ni saa nane", utajuaje kama nimekwambia urefu wa safari au nimekwambia ndege inaondoka saa nane mchana? Kwenye uzi huu watu wanakosa ndege kwa sababu ya saa. Niachie hayo masaa yangu.

---

Mshika Lugha

Andika "muda wa saa nane".

---

Taa ya Dagaa

Sawa, nimepokea. Nikisahau nisamehe.

---

Mama Solo wa Pasiansi

Mie swali langu ni la kurudi. Binti yangu yuko huko huko Guangzhou, amenitumia tiketi yake. Inasema anaondoka 00:30, anatua Doha 04:30 siku hiyo hiyo. Masaa manne! Wewe ulitumia manane kwenda. Ndege za kurudi zina injini nyingine?

---

Taa ya Dagaa

Mama shikamoo. Hapana, ni ile ile. Muda wote kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo wakati huo. 00:30 ni saa ya China, 04:30 ni saa ya Doha, na Doha saa yao ni sawa na yetu kabisa. Akitua Doha 04:30, China ni 09:30. Kwa hiyo atakuwa amekaa angani masaa tisa.

Na ukiangalia vizuri, tisa ni zaidi ya yale manane yangu ya kwenda ingawa njia ni moja. Hilo ni upepo. Kule juu, kilomita kumi na zaidi, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kule unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda China unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Wavuvi wetu wa tanga hawahitaji kufundishwa hili. Alfajiri unatoka na upepo wa nchi kavu, mchana unarudi na upepo wa ziwani. Ukienda kinyume na ratiba ya upepo utapiga kasia mpaka mikono itoke malengelenge.

Tovuti ya umbali inakupa muda mmoja kwa kwenda na kurudi. Upepo haumo kwenye hesabu yake.

Halafu mama, 00:30 ya siku gani? Mwambie binti aangalie, asije akafanya kama mimi.

---

Mama Solo wa Pasiansi

Marahaba mwanangu. Nimempigia. Amesema "mama najua". Ameguna kwanza, ndiyo kasema najua.

---

Mjukuu wa Ukerewe

Niongezee njia ya Addis kwa wanaoifikiria. Dar–Addis ni kilomita 1,760 hivi, Addis–Guangzhou kama 8,000. Kwa jumla ni fupi kidogo kuliko kupitia Doha, na unapiga mruko mmoja mrefu badala ya miwili ya wastani, kwa hiyo unalala usingizi wa maana.

Kitu kilichonifurahisha kule: Waethiopia nao wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja ni saa moja ya kwetu. Nilikaa na mzee mmoja wa pale, tukaongea kwa vidole, akanionyesha saa yake ya mkononi, nikaona tumeelewana kuliko nilivyoelewana na ubao wa matangazo.

Jambo jingine, uwanja wa Addis uko juu sana, mita zaidi ya 2,300. Mwanza tunajiona tuko juu kwa mita 1,100 na kitu, wale ni mara mbili yetu. Hewa ya juu ni nyepesi, ndege ikiwa imejaa mafuta na abiria inapata shida kujiinua. Ndiyo maana kuna safari za kwenda Marekani ambazo zikitoka Addis zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, na zikirudi zinakuja moja kwa moja. Kwa hiyo usishangae kuona kwenda na kurudi havilingani, kuna sababu zaidi ya upepo.

---

Mzee wa Makoroboi

Sasa mimi najiuliza, kama hiyo Dreamliner inaweza kuruka kilomita zaidi ya 13,000, na Mwanza–Guangzhou ni 9,100, kwa nini isitoke hapa hapa? Samaki wetu wenyewe kwa miaka mingi minofu imepakiwa kwenye malori kwenda kupandia ndege Nairobi. Mwanza tunavua, wengine wanarusha.

---

Taa ya Dagaa

Mzee, ndege inaweza. Abiria ndiyo hawatoshi. Viti 260 na ushee vya Guangzhou kila wiki, Mwanza peke yetu hatuvijazi. Labda tukianza kuvua watu.

---

Sina Haraka

Wakuu nimefuatilia kimya kimya toka mwanzo. Naomba mniangalizie. Mimi ni safari yangu ya kwanza, nimekatiwa tiketi mbili na wakala mmoja hapa mjini. Ya kwanza Mwanza–Dar, Jumapili 14:00. Ya pili Dar kwenda nje, Jumapili 00:20. Nimetoa sita, nimeongeza sita, kama mwalimu alivyosema. Ya kwanza ni saa nane mchana. Ya pili ni saa sita na dakika 20 usiku. Kwa hiyo nina kama masaa tisa Dar ya kupumzika. Nipo sawa?

---

Bint Mabatini

Jamani. Jamani.

---

Taa ya Dagaa

Ndugu yangu, saa umezipata sawasawa. Siku ndiyo angalia. Jumapili 00:20 ni usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Ndege yako ya nje itakuwa imeondoka Dar wewe ukiwa bado umelala Mwanza, na itakuwa imeshatua huko iendako kabla hujapanda ya saa nane mchana.

Pili, umesema tiketi mbili. Ni namba moja ya uhifadhi au mbili tofauti? Kama ni mbili, hata siku zingekuwa sawa, ndege ya Mwanza ikichelewa shirika la ndege ya pili halina deni kwako wala halikungoji. Na begi utalichukua mwenyewe Dar, ukabidhi upya, na kama umetua Terminali ya 2 na ya nje inaondoka Terminali ya 3, ni majengo tofauti, unatoka nje unatafuta usafiri. Jipe masaa ya kutosha.

Leo ni Alhamisi. Bado una muda, nenda kwa wakala sasa hivi, umwambie akusogezee ya Mwanza iwe Jumamosi asubuhi.

---

Sina Haraka

Namba mbili tofauti. Nimepanda daladala.

---

Mwalimu wa Kwimba

Panda bodaboda!

---

Sina Haraka

Nimefika. Nimemwonyesha uzi wote, amesoma mpaka ulipoishia. Amesema kumbe. Sasa ananitafutia ya Jumamosi saa mbili asubuhi, ipo, naongeza elfu themanini. Amenikaribisha chai kwanza maana mtandao unazunguka. Wabeja sana wakuu.

---

Bint Mabatini

Hiyo saa mbili asubuhi kwenye tiketi imeandikwa ngapi? Soma kabla hujalipa.

---

Sina Haraka

08:00. Nimesoma mara tatu, na wakala naye nimemsomesha.